Maganda Chini ya Viti

Kila siku saa kumi na mbili asubuhi Mama Safu alifungua mlango wa nyuma wa ukumbi, akatundika mkoba wake kwenye msumari, akajifunga kitambaa kichwani, akaanza kufagia kutoka safu ya mwisho kwenda mbele. Wafagizi wengi huanzia mbele. Yeye alisema anayeanzia mbele hufagia uchafu wa matajiri kwanza, na mgongo ukishachoka ndipo akutane na uchafu wa maskini, ambao ni mwingi zaidi, kwa kuwa hao huja wametoka kazini na njaa yao. Hakuna aliyewahi kumbishia.

Jina hilo la Safu alipewa hapohapo kazini. Watazamaji hakuwajua kwa sura, aliwajua kwa safu walizokaa, na michezo aliijua kwa maganda. Katika miaka kumi na mmoja hakuwahi kutazama mchezo hata mmoja, maana wakati wa mchezo yeye yuko kwake anamenya viazi. Lakini angeweza kukuambia upi ulikuwa mchezo na upi ulikuwa kelele. Mchezo mbaya huacha karatasi za pipi. Mtu akichoshwa hutafuta pipi mfukoni, akaimenya polepole akidhani hasikiki, na asubuhi ushahidi wote uko chini ya kiti. Mchezo wa kuchekesha huacha bisi, kwa kuwa anayecheka hawezi kushika pakiti sawasawa. Mchezo wa kuliza huacha karatasi laini za kufutia pua, na hizo hakuziamini sana, maana mafua nayo yana msimu wake. Mchezo mzuri kwelikweli hauachi kitu.

Uliokuwa ukichezwa wakati huo, wa mjane anayeuza milango ya nyumba yake mmoja baada ya mwingine, ulikuwa haujaacha kitu kwa siku kumi na tisa. Ila siku ya nne aliokota pakiti ya karanga kwenye safu ya nane, haijafunguliwa. Akaishika, akaitazama sana. Mtu amenunua karanga zake, amekaa saa mbili na nusu, akasahau kwamba ana mdomo. Alikwenda nayo nyumbani akaiweka juu ya kabati, na mumewe, fundi viatu, alipoinyooshea mkono, aliambiwa hizo si za kuliwa.

Alhamisi hiyo alikuwa amefika safu ya kumi na moja aliposikia visigino vikigonga sakafu. Aliinua kichwa akamwona binti yake, kavaa sare ya benki, anapita kati ya viti kwa tahadhari kama mtu anayevuka tope. Hakuwahi kukanyaga humo hata siku moja.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Hajafa mtu."

"Basi benki imeungua."

Binti hakucheka. Alitazama huku na huku, akafuta kiti kwa kiganja, akakaa.

"Kaa kidogo, Mama, tuzungumze."

"Sisi hatukai vitini humu. Ndiyo kanuni."

"Na hakuna mtu?"

"Kanuni haiulizi kama kuna mtu."

Ikabidi asikilize akiwa amesimama, ameegemea ufagio. Habari yenyewe ilikuwa hii: wazazi wa mchumba wangefika Jumamosi. Hawakutaka kuja kukaa sebuleni kutazamana na kuulizana hali za mvua. Walitaka familia mbili zikutane kwenye mchezo wa jukwaani, kistaarabu, na mchezo uchaguliwe na mama wa binti.

"Mimi?"

"Wanajua uko kwenye mambo ya ukumbi."

"Wanajua nafanya nini kwenye hayo mambo?"

Binti alitazama jukwaa, ambako milango mitatu ya mbao ilikuwa imesimama peke yake bila ukuta. "Niliwaambia ni msimamizi."

"Nasimamia nini?"

"Ukumbi, Mama. Wala si uongo mkubwa. Bila wewe haufunguliki."

"Hata ufunguo, bila huo haufunguliki." Mama Safu alisogeza vumbi kidogo kwa ncha ya ufagio. "Basi Jumamosi waje hapa. Ndiyo siku ya mwisho ya huu mchezo. Saa moja jioni."

"Kokote, Mama. Isipokuwa hapa."

Sasa, ukumbi huo ulikuwa na desturi moja. Mchezo ukifika siku yake ya mwisho, kila mfanyakazi, kuanzia fundi wa taa hadi mfagizi, hupewa tiketi mbili. Za kwake Mama Safu aliwahi kumpa mwenye nyumba ili alainike, akampa na muuza dawa, na mara moja mwalimu wa hesabu wa binti huyuhuyu. Za safari hii alikuwa amezificha kwenye mfuko wa ndani wa mkoba, zimekunjwa ndani ya kitambaa. Neno lilimpanda mpaka kooni, likakuta binti anatazama saa, likashuka.

"Haya," akasema. "Inua miguu nifagie."

*

Ijumaa jioni mchumba alikuja na gazeti. Alikuwa kijana wa ofisi ya matangazo, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuwaambia watu kwamba sabuni ni furaha. Aliruka jozi za viatu vya wateja zilizopangwa mlangoni, akasalimia kwa heshima zote, akalitandaza gazeti mezani. Ukweli kuhusu kazi ya mama aliujua tangu mwaka jana, na alikuwa mwungwana kiasi cha kutoutaja.

"Mama, sisi wote tunafuata uamuzi wako," alisema. "Nimepiga mistari chini ya ile yenye kiwango, ili usipate taabu."

Kiwango kilikuwa na mstari mmoja tu. Ulikuwa chini ya mchezo wa malkia, Jumba Kuu, alasiri saa tisa, waigizaji arobaini na farasi mmoja.

"Farasi wa kweli?" aliuliza fundi viatu kutoka pembeni, sindano mdomoni.

"Nadhani wa kitambaa, Baba."

"Na kiti kimoja kiasi gani?"

Kijana akataja. Fundi viatu akapiga hesabu kwa namna aliyoijua. "Soli kumi na nne," akasema. "Farasi wa kitambaa."

"Nitalipa mimi, Baba, usiwaze."

"Siwazi. Nahesabu soli."

Mama Safu aliinamia gazeti. Chini kabisa, karibu na matangazo ya kukodisha mahema, aliuona mchezo wake, mistari mitatu ya herufi ndogo. Akaweka kidole. "Na huu je?"

"Wa milango?" Mchumba alitabasamu. "Huo, Mama, ni ule wa watu wanne na jukwaa tupu. Mtu aache kwake kwenda kutazama mwanamke anauza milango? Si bora niende kwa seremala, angalau nitarudi na mlango."

Binti alicheka. Alicheka kwa sauti mpya, ya juu, aliyoipata huko benki, na Mama Safu akamtazama mpaka kicheko kikaisha.

"Umeuona?" akamwuliza.

"Ya nini kuuona, Mama? Habari zake zinajulikana."

"Kwani Mama ameuona?" mchumba aliuliza kwa adabu, kama anayemsaidia mtu kushuka ngazi.

Aseme nini? Kwamba ameufagia mara ishirini? Kwamba iko pakiti ya karanga juu ya kabati lile pale, na yenyewe inajua zaidi ya gazeti lao zima? Aliwatazama wawili hao, na viatu vyao vinavyong'aa, akawadharau kimyakimya, kwa utulivu, kama alivyowadharau watu wa pipi miaka yote.

"Sijauona," alisema.

"Basi ni uamuzi wako, Mama. Mimi napendekeza tu huu wa malkia."

"Haya. Nimeamua malkia."

"Umeamua upesi," mumewe alisema.

"Nimeamuliwa upesi."

Kilichofuata kilikuwa mafunzo. Akiulizwa habari za kazi, aseme "tunajitahidi." Akiulizwa idadi ya wafanyakazi walio chini yake, acheke kidogo, kisha aseme "wanatosha." Asitaje ufagio, ndoo, wala mgongo. Viatu angevaa vya binti, vyeusi, vya kisigino, ambavyo vilikuwa vidogo kwa kidole kizima.

"Leta nivitanue usiku," fundi viatu alisema.

"Havitanuki, Baba, ni vya bei."

"Mwanangu, hata hicho cha bei kilianza na ng'ombe."

Lakini binti alivishikilia kifuani, na havikutanuliwa.

*

Mama wa mchumba alikuwa mwalimu mkuu wa shule, na ungejua hata kama usingeambiwa. Alisimama katikati ya ukumbi wa kuingilia wa Jumba Kuu kana kwamba kengele ilikuwa karibu kulia na ni yeye wa kuiamuru. Mumewe, mpima ardhi mstaafu, alimfuata nyuma kwa hatua zile anazotakiwa kuziacha.

"Kwa hiyo ndiye wewe," Mwalimu Mkuu alisema, akimshika Mama Safu mikono yote miwili. "Nimefurahi sana. Kazi ya ukumbi si mchezo."

"Tunajitahidi."

"Una watu wengi chini yako?"

Mama Safu alicheka kidogo. "Wanatosha."

Nyuma ya bega la mwalimu alimwona binti yake akishusha pumzi.

Wakaketi safu ya saba, fundi viatu kando ya mkewe. Kiti kilikuwa laini. Mama Safu hakujua aweke wapi mikono, maana mikono yake ilizoea kushika kitu ikiwa mahali kama hapo. Taa zilipozimwa akasikia furaha ya kitoto ikimpanda tumboni. Hata kama ni malkia, hata kama ni farasi wa kitambaa, alikuwa amekaa, na jukwaa lilikuwa mbele yake.

Malkia alitoka akaanza kusema na ukuta wa mbali. Alisema sana. Waliomzunguka walikuwa arobaini kweli, na wote walisimama wakimngoja amalize, kama wateja benki. Dakika ya ishirini, pipi ya kwanza ilimenywa safu ya sita. Mama Safu akaitambua papo hapo, kama mtu anavyotambua sauti ya jirani. Ikafuata ya kushoto, kisha mbili nyuma kwa pamoja. Kufikia kuingia kwa farasi, ukumbi mzima ulikuwa ukichakarika kama banda la kuku, na mpima ardhi alikuwa amelala, mdomo wazi, mikono imepishana juu ya tumbo.

"Kina," Mwalimu Mkuu alinong'ona, akimenya pipi. "Mchezo una kina."

Mapumziko yalipofika walitoka kunywa sharubati. Mchumba alisema mwanga umetumika vizuri. Binti akasema ndiyo, mwanga. Mwalimu Mkuu akamgeukia Mama Safu, akainua kidole ili wengine wanyamaze.

"Tumsikie mwenye fani. Unauonaje?"

Mama Safu alitafuta kitu cha kweli. "Nguo zao zimepigwa pasi vizuri."

Kisha Mwalimu Mkuu akaangua kicheko. "Mmesikia? Hivyo ndivyo wataalamu wanavyosema. Neno moja, limekwisha." Katika kucheka huko mkono ukamtikisika, sharubati ikamwagika sakafuni, nusu glasi. Hakuitazama mara mbili. Akapiga vidole kuelekea ukutani. "Wewe. Hapa, kabla mtu hajateleza."

Mwanamke wa sare ya buluu akaja na ndoo. Aliinama akafuta, akavifikia viatu vyeusi vya kisigino, akapandisha macho taratibu mpaka usoni.

"Mama Safu! Wee, nani amekufa leo umevaa hivi?"

Alikuwa Bi Ndoo. Miaka tisa walifagia pamoja kule kwenye ukumbi wa Mama Safu, kabla hajahamia huku kufuata sare na chai ya bure. Bi Ndoo ndiye aliyemsuka binti nywele siku yake ya kwanza ya sekondari, akakataa shukrani, akasema kichwa kimoja si kazi.

Vidole vya binti vilimkamata Mama Safu kwenye kiwiko, vikakaza.

"Mnajuana?" Mwalimu Mkuu aliuliza.

Mama Safu alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka, nyororo, imetulia, kama iliyofanyishwa mazoezi usiku kucha. "Hapana. Amenifananisha."

Bi Ndoo alibaki amechuchumaa, kitambaa mkononi. Akamtazama yeye, akamtazama binti, akautazama mkono ulioshika kiwiko. Alielewa haraka, wafagizi huelewa haraka.

"Kweli," alisema. "Nimemfananisha. Samahani, Mama." Akamalizia kufuta, akafuta hata pasipomwagikiwa, akabeba ndoo yake.

"Ndivyo walivyo hawa," Mwalimu Mkuu alisema kabla Bi Ndoo hajafika mbali. "Akimwona mtu amevaa vizuri, lazima ajipendekeze. Shuleni kwangu ninao watatu."

Mchumba alicheka. Binti naye akacheka, sauti ileile ya juu. Mama Safu hakucheka, ila hakusema neno pia, na kutosema huko kulimkaa ulimini kama kidonge kilichogoma kushuka.

*

Sehemu ya pili hakuiona. Malkia alikufa wakati fulani, kwa maneno mengi. Mama Safu alikuwa akiyafikiria yale makundi matatu ya watu aliowadharau miaka yote: watu wa pipi, watu wa magazeti, watu wa kupiga vidole. Kumbe alikuwa amewaacha wa nne, watu wa "amenifananisha," na hao sasa walikuwa wamekaa safu ya saba, kiti cha katikati, na viatu vya kuazima. Hakuna aliyewahi kuacha uchafu mbaya kuliko huo chini ya kiti.

Mumewe alimwinamia gizani. "Kiatu kimekubana?"

"Kimenibana."

Fundi viatu akapapasa chini ya kiti chake, akatoa kifurushi cha gazeti alichokuja nacho kwapani tangu nyumbani. Ndani mlikuwa na ndala za mkewe, zile za kazini, zimeshonwa upya mikanda. "Nilijua," alisema, akarudi kutazama mazishi ya malkia.

Watu walipiga makofi wamesimama, kwa kuwa walitaka pia kunyoosha miguu. Taa zikawashwa. Mpima ardhi akaamka akasema ulikuwa mzuri sana. Kulikuwa na onyesho jingine jioni, kwa hiyo wafagizi waliingia hapohapo kwa mlango wa nyuma, watatu, wakingoja watu watoke. Bi Ndoo alianza. Alianzia safu ya mwisho kuja mbele, kama alivyofundishwa.

Mwalimu Mkuu alikwisha kujipanga kwenye njia ya kati, mkoba begani. "Sasa, mama, kabla hatujaachana. Tuambie kwa moyo wote. Uliuonaje?"

Mama Safu alikuwa ameinama anabadili viatu. Alipoinuka alikuwa mfupi kwa kisigino kizima.

"Mbaya," alisema.

"Samahani?"

"Mchezo mbaya. Usinitazame mimi, tazama chini."

Walitazama, hata mchumba. Sakafu ya safu ya saba, ya sita, ya tano, yote ilikuwa karatasi za pipi, nyekundu na za dhahabu. Chini ya kiti cha Mwalimu Mkuu zilikuwa nane.

"Mtu anayetazama hatafuni," Mama Safu alisema. "Zako nane. Za mumeo hakuna, yeye alilala, angalau huyo ni mkweli."

"Mama," binti alisema kwa sauti ya chini. "Mama, tafadhali."

Lakini mama yake alikuwa akimtazama mwanamke wa sare ya buluu, safu kumi nyuma.

"Bi Ndoo." Sauti ilifika; ukumbi ule ulijengwa ili sauti zifike. "Hukunifananisha. Ni mimi."

Bi Ndoo aliacha kufagia. Hakutabasamu. Aliegemea ufagio, akangoja, kama mtu anayestahili kusikia lililobaki.

"Nilikukana mbele ya watu. Nisamehe, au usinisamehe, lakini ni mimi." Kisha akamgeukia Mwalimu Mkuu. "Mimi si msimamizi wa kitu. Nafagia. Miaka kumi na mmoja, safu ishirini na mbili, kila asubuhi. Yule ni mwenzangu, na huyo mwanao anajua, alikuwa anaona haya kukuambia."

Mchumba alitazama dari, ambako kulikuwa na mapambo mengi. Mwalimu Mkuu alitoa pipi mdomoni, akaifungia kiganjani. Mpima ardhi alianza kuokota karatasi za mkewe moja moja, akizitia mfukoni.

Binti alikuwa amekauka uso. Machozi yalikuwa yanamlenga, ya hasira au ya nini, mwenyewe hakujua. "Kwa nini hukusema?" alisema. "Tangu Alhamisi. Ungesema hutaki, tungeacha yote. Ulisema haya. Ulisema umeamua. Ulikuwa unataka nini, Mama?"

Mama Safu alifungua mkoba, akatoa kitambaa, akakikunjua. Tiketi mbili zilikuwa zimelainika kwa jasho la siku tatu. Alimtazama mumewe, naye akatikisa kichwa kidogo, akasema yeye atarudi kwa viatu vya watu.

"Saa moja bado haijafika," Mama Safu alisema. Akamnyooshea moja. "Hii moja niliiweka yako. Umeniona nimeinama maisha yako yote. Nilitaka unione nimekaa."